Bela huandaliwa masika, nyasi zikiwa bado zimesimama

Mwezi wa nne na wa tano, mvua ikipiga kuanzia Muheza hadi Korogwe, hakuna anayefunga hei, yaani nyasi zilizokaushwa za kulisha mifugo. Trekta haliingii shambani na nyasi ndiyo kwanza zinapanda. Huo ndio wakati wa kuifungua bela, mashine ya kufunga hei. Masika yakikatika, siku za kufunga hei ni chache kuliko tunavyozihesabu. Jua la Juni ni zuri, lakini kusi huja na manyunyu ya mchoo, na ukanda wa pwani, yaani Mkinga, Tanga mjini na Pangani, huyapata zaidi kuliko Handeni. Nyasi zilizolazwa zinataka siku mbili hadi tatu za jua. Bela ikigoma siku ya tatu, hei inalala nje, inapigwa umande, majani yanapukutika ukiigeuza tena, na unachokuja kufunga baadaye ni mabua matupu. Ng'ombe wa maziwa hatoi maziwa kwa mabua.

Nazungumzia bela ndogo ya kuvutwa na trekta, inayotoa robota, yaani furushi la hei lililoshindiliwa, la mstatili lenye uso wa sentimita 36 kwa 46, linalofungwa kwa kamba mbili. Iwe New Holland, Claas, Welger, Massey Ferguson au John Deere, misingi ni ile ile. Ninachosisitiza ni hiki: kabla hujaagiza kipuri na kabla hujamlaumu fundi, maliza kwanza kutu, makali ya visu na mkazo wa kamba. Bela nyingi zinazosemwa zimechoka zinaumwa hivyo tu, na dawa yake ni brashi ya waya, tupa, spana na utulivu.

Kabla ya kugusa chochote, zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni, kisha chomoa propela inayounganisha bela na pitio, ile shafti ya trekta inayotoa nguvu ya kuendesha mashine. Flaiwili, lile gurudumu kubwa la bela, ni nzito na huendelea kuzunguka hata baada ya injini kuzimwa. Subiri isimame yenyewe. Pitio huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Kanga, ncha ya shuka au mkono wa shati lililolegea ukishikwa na propela, hakuna muda wa kupiga kelele. Gamba la plastiki linaloifunika propela likiwa limepasuka, hicho ndicho kipuri cha kwanza kununua, hata kabla ya kisu. Na mkiwa wawili, mmoja anazungusha flaiwili na mwingine anatazama sindano, kubalianeni neno moja la kuanza na moja la kusimama.

Sasa kutu. Hewa yetu ina chumvi ya bahari, na chuma kilichosuguliwa na nyasi mpaka kikang'aa hushika kutu haraka kuliko kilichopakwa rangi. Kuta za ndani za chumba cha robota ndizo zinazoathirika kwanza. Ukuta wenye kutu unakwaruza, robota halisogei, na kishindilio, ambacho mafundi wengi hukiita pistoni, kinaendelea kulibana hadi kamba inakatika au bolti ya usalama inakatika. Mtu anadhani kamba ni mbovu, anabadilisha kamba, inakatika tena. Toa mabaki yote ya mwaka jana ndani ya chumba (nyasi zilizoachwa humo hushika unyevu na kutengeneza kutu zaidi), piga brashi ya waya, malizia na msasa mpaka kiganja kiteleze, kisha pitisha kitambaa chenye oili kidogo. Siku ya kuanza kazi, legeza kabisa skrubu za springi zinazobana chumba, pitisha marobota ya kwanza yakiwa laini ili yapigishe kuta msasa yenyewe, ndipo ukaze kidogo kidogo. Kaza pande zote mbili sawa. Upande mmoja ukibana zaidi, robota linatoka limepinda.

Kutu hiyo hiyo hugandisha klachi ya kuteleza iliyo kwenye flaiwili au kwenye propela. Kazi ya klachi hiyo ni kuteleza mzigo unapozidi, ili gia boksi isivunjike. Ikikaa miezi ya mvua bila kutumika, sahani zake hushikana na hazitelezi tena, na mzigo wote unaangukia mahali pengine. Pima kwa rula urefu wa kila springi ya klachi na uandike mahali. Legeza nati zote sawasawa mpaka sahani ziweze kuteleza, zungusha, angalia kama vumbi la kutu linatoka, kisha rudisha springi kwenye urefu ule ule ulioandika. Asiyepima kabla ya kulegeza huishia kukaza kwa kukisia. Klachi iliyokazwa kupita kiasi ni sawa na kutokuwa nayo. Iliyolegea inateleza na kuungua kwa kazi ya kawaida.

Bolti ya usalama ya flaiwili nayo ina siri yake. Imetengenezwa kwa ugumu maalumu ili ikatike yenyewe. Tumia ukubwa na ugumu ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine hiyo, na ikiwa kitabu hakipo, nenda dukani na bolti halisi isiyokatika, ulinganishe alama zilizo kichwani mwake. Usiweke bolti ngumu zaidi kwa sababu ile ya kawaida "inasumbua", wala kipande cha nondo. Bolti ikikataa kukatika, kitakachokatika ni sindano, gia au shafti, na bei yake hailingani na bolti mia. Bolti zikikatika mfululizo, tafuta sababu: kisu butu, chumba chenye kutu, hei mbichi, safu ya nyasi nene mno, au tundu la bolti lililopanuka likaiacha icheze. Kuwa na akiba ya bolti 10 ndani ya boksi la zana.

Visu vya kishindilio viko viwili: kimoja kimefungwa kwenye kishindilio, kingine kimesimama kwenye ukingo wa mlango wa chumba. Vinakata kama mkasi. Nafasi kati yao iwe kati ya milimita 0.4 na 0.8. Zungusha flaiwili kwa mkono mpaka visu vikutane, pima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) juu, katikati na chini. Ikiwa juu ni 0.5 na chini ni 1.5, usikimbilie kisu. Angalia reli na beringi au mbao za kuteleza zinazobeba kishindilio, kwa sababu kinachocheza juu na chini hakiwezi kukata sawasawa, na siku moja kitagonga kisu kwa kisu. Noa upande wenye mteremko tu. Upande bapa usiguswe, ukiuparua umeongeza nafasi. Kisu butu kinajulikana kwa robota lenye upande mmoja uliochanikachanika, na kwa trekta linalotingishika kila pigo. Nyasi ya gwinea iliyochelewa kukatwa ina shina gumu, na kisu kilichotosha kwa nyasi laini ya Rhodes hakitoshi hapo.

Nafika kwenye vifunga fundo, na hapa nitakaa, maana ndipo watu wanapokata tamaa.

Kwanza elewa fundo linavyozaliwa. Sindano inapanda kutoka chini ya chumba ikibeba kamba, inaipitisha nyuma ya robota na kuilaza kwenye sahani ya kamba, juu ya kidomo. Sahani inazunguka kidogo na kibano kinaishika kamba. Kidomo, kile kichuma chenye umbo la mdomo wa ndege, kinazunguka mzunguko mmoja kamili na kujiviringishia kamba mbili kwa pamoja, taya yake inafunguka, inazishika, inafunga. Kisu kidogo kinakata, na mkono wake unafuta kitanzi kutoka kwenye kidomo. Kitanzi kinapochomoka kikipita juu ya ncha zilizoshikwa na taya, hapo fundo limekaza. Yote haya huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho mara mbili, kwa hiyo ukisimama kutazama mashine ikifanya kazi huoni kitu. Utaona vizuri ukizungusha flaiwili kwa mkono.

Safisha kila kifunga fundo kwa brashi na upepo wa kompresa. Nyuzi za mkonge, vumbi na grisi ya zamani hugandamana nyuma ya sahani na kuifanya isishike. Tia grisi mpya kwenye nipo zote (vitundu vya kutilia grisi), lakini futa inayomwagika. Grisi kwenye kidomo au kwenye kibano huifanya kamba iteleze. Pitisha kidole juu ya kidomo: kiwe laini kama kijiko cha zamani. Kikiwa na kutu au mikwaruzo, tumia msasa mwembamba sana, namba 400 au zaidi, ukifuata mwelekeo wa kamba. Usitumie tupa. Mkono wa kufutia unapaswa kugusa mgongo wa kidomo ukipita. Ukiacha nafasi, fundo linabaki limening'inia kwenye kidomo na robota linalofuata linalikata. Kisu cha kamba kiwe kikali kiasi cha kukata uzi mmoja wa mkonge kwa kugusa.

Kisha soma kamba. Hili ni jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi, na lingewaokoa saa nzima. Usitupe kamba iliyokataa kufunga. Itazame ncha zake. Ikiwa fundo limefungwa upande mmoja tu na ncha ya pili imechomoka ikiwa nzima, kibano cha sahani kimelegea, kamba imetoka kabla fundo halijakamilika. Ikiwa ncha karibu na sahani imekatika na kuchanika kama imetafunwa, kibano kimekaza mno. Ncha zote mbili zikiwa zimenyooka bila dalili ya kupinda, kidomo hakikuzikamata kabisa: taya imelegea au sindano haikulaza kamba mahali pake. Ncha zilizojikunja lakini hazikushikana zinaonyesha taya ilizikamata ikaziachia. Ncha ndefu zenye manyoya ni kisu butu. Na fundo lililobaki kwenye kidomo ni springi ya taya iliyokazwa mno, kidomo kilichokwaruzika, au ule mkono wa kufutia usiogusa.

Ukijua tatizo, geuza bolti ya springi robo mzunguko tu, jaribu, kisha robo nyingine. Usiguse mbili kwa pamoja. Mtu akigeuza kibano na taya kwa wakati mmoja, hata likifunga hatajua kilichosaidia, na kesho likikataa ataanza upya. Ikiwa kifunga fundo kimoja kinafunga na kingine hakifungi, una bahati: una kielelezo kando yako. Linganisha springi kwa springi.

Sindano zina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni muda. Ncha zake zinapoingia chumbani, uso wa kishindilio uwe tayari umepita pale, ukiwa umeibana hei, na sindano zipite ndani ya mifereji ya kishindilio. Zikichelewa au kuwahi, zinagongwa na kuvunjika. Kama cheni ya kuendesha vifunga fundo imewahi kutolewa na kurudishwa, usiiwashe mashine kabla ya kuzungusha kwa mkono duru nzima. La pili ni ile pini ya usalama inayozuia kishindilio sindano zikiwa zimekwama chumbani. Huganda kwa kutu na kupuuzwa kwa sababu haionekani kufanya kazi yoyote. Itie oili, isukume kwa mkono, irudi yenyewe kwa springi. Angalia pia breki ya shafti ya vifunga fundo: ikiwa imelegea au imelowa oili, sindano hazitulii mahali pake baada ya kila fundo.

Kamba sasa. Tuko Tanga, mkonge upo hapa tangu 1893, na bado kuna anayefunga hei kwa kamba ya plastiki. Ushauri wangu hauna mashaka: mkonge. Kipande cha plastiki kikiachwa kwenye hei ng'ombe hukila, hakimeng'enywi, na hujikusanya tumboni. Kipande cha mkonge kikipita na majani hakina madhara hayo, na kilichoanguka bandani huoza kwenye samadi. Lakini kamba ya bela si kamba yoyote ya mkonge. Inatakiwa iliyosokotwa kwa unene ulio sawa na kutiwa oili. Ile ya kufungia mizigo sokoni ina vinundu, na kila kinundu kinakwama kwenye tundu la sindano. Mzigo wa kawaida wa kamba ya bela una mabunda mawili, jumla kama mita 2,740 na uzito wa karibu kilo 18. Robota la sentimita 90 linakula kama mita 2.6 kwa kila kamba, mita 5.2 kwa zote mbili. Kwa hiyo mzigo mmoja unatosha marobota 500 na kidogo. Piga hesabu ya msimu wako na ununue mapema. Hifadhi juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu na mbali na panya.

Kamba huvutwa kutoka katikati ya bunda. Unganisha ncha ya nje ya bunda la kwanza na ncha ya ndani ya la pili kwa fundo la mraba, ukate masalia yabaki sentimita moja hivi, ili fundo lipite bila kukwama. Pete zote kamba inamopita zikaguliwe: zikishachimbwa mfereji hukata nyuzi kidogo kidogo, na utamlaumu mtengeneza kamba bure. Kibana kamba ndani ya boksi la kamba kiwe na ukinzani unaousikia ukivuta kwa mkono. Kamba ikilegea, sindano hubeba kitanzi badala ya kamba iliyonyooka, na sahani haiikuti.

Sehemu ya kuokotea haina maneno mengi. Badilisha meno yaliyokatika, nyoosha yaliyopinda kidogo, na uweke kimo ambacho ncha zinapita sentimita 2 hadi 5 juu ya ardhi. Mashamba ya Handeni na Korogwe yenye vichuguu na visiki yanataka kimo kikubwa zaidi. Meno yanayochota udongo hupeleka mchanga kwenye visu na kuchafua hei. Vishikio vya springi ndani ya chumba, vinavyozuia hei isirudi nyuma kishindilio kinaporudi, viwe vinacheza huru. Vikikwama, hei inaisukuma kamba wakati fundo linafungwa.

Oili ya gia boksi itazame rangi: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, imwage yote uweke mpya ya kiwango kinachotajwa kwenye kitabu, mara nyingi ya namba 90 ya gia. Cheni zipakwe oili baada ya kazi zikiwa za moto, si asubuhi.

Ukishamaliza, jaribu kabla ya kuingia shambani. Tungia kamba, tegua mkono wa kupimia urefu wa robota, ule unaoviamsha vifunga fundo, zungusha flaiwili kwa mkono kwa kufuata mwelekeo wake wa kazi, na mwenzako azishike kamba chumbani kwa mvuto kama robota linavyozivuta, mikono yake ikiwa mbali na njia ya sindano na kishindilio. Fanya hivyo mara kumi kwa kila upande. Mafundo kumi kwa kumi, uko tayari. Tisa kwa kumi, bado: kwenye marobota 500 hiyo ni 50 yaliyofumuka.

Hata bela nzima hufeli kwenye hei mbichi, kwa sababu robota lenye maji ni zito, linabana chumba na kukata kamba. Lengo ni unyevu wa asilimia 15 hadi 18. Usipokuwa na kipimo, tumia chumvi, ambayo hapa kwetu haikosekani: ikaushe vizuri kwenye kikaango, weka vijiko viwili ndani ya chupa kavu yenye mfuniko, ongeza hei iliyokatwakatwa hadi nusu, tikisa dakika mbili tatu. Chumvi ikishikana mabonge, unyevu umezidi 15 na huenda umepita hata 18, ongeza muda wa jua kisha upime tena. Usianze kabla ya saa nne asubuhi, umande haujakauka. Anza na mwendo mdogo wa trekta ila pitio ibaki 540. Robota zuri linajengwa kwa mapigo 12 hadi 18 ya kishindilio. Ukipunguza mapigo kwa kwenda kasi, robota linafumuka mkononi.

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu hahitaji bela wala trekta. Sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, lililo wazi juu na chini, linatoa robota la karibu kilo 20 kwa kushindilia kwa miguu. Matengenezo yake ni kukaza misumari, kulainisha mbao za ndani na kukata kamba mapema vipande vya mita 3.

Msimu ukiisha, usiegeshe bela na robota la mwisho likiwa tumboni, hata kama ni nusu. Litoe, chomoa kamba kwenye sindano, legeza springi zote za chumba, paka grisi nyembamba kwenye visu, vidomo na kuta zilizong'aa, na uiweke chini ya bati, si chini ya mwembe. Andika kwenye karatasi kilichokuwa kinasumbua, uifunge ndani ya mfuko wa nailoni kwenye boksi la kamba. Kabla ya vuli kuisha utaihitaji, maana jua la Januari na Februari nalo hukausha hei.